Mistari Mitatu

Fomu ya basari niliiprinti saiba moja hapa Kayole. Ilitaka sahihi ya chifu, muhuri wa chuo, na mwishoni ikaacha mistari mitatu ya kueleza kwa nini wewe ni mtu wa kusaidiwa. Jirani yetu wa mlango wa pili alijaza yake siku hiyo hiyo. Babake alikuwa ameshafariki, mamake anauza sukuma stejini, na nyuma yake kulikuwa na wadogo watatu. Mimi nilikuwa na mathe anayefulia watu Donholm, na mjomba aliyejuana na mtu wa kamati. Majina yalipobandikwa ukutani, langu lilikuwepo. Lake halikuwepo.

Mwaka wa pili nikaacha chuo. Watu nawaambia ni karo. Ni karo kweli, lakini pia nilikuwa nimechoka na masomo kabla pesa hazijaisha. Hiyo sehemu ya pili huwa siisemi.

Sasa swali linalonisumbua: nilimkosea nani?

Mathe ana jibu moja, na nusu ya mtaa iko naye: pesa ya serikali haina mwenyewe. Lakini inaye. Hazina ya maeneobunge, ile tunayoiita CDF, ilianzishwa kwa sheria mwaka 2003, na sheria ikataka itengewe angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Robo tatu ya mgao ziligawanywa sawa kwa maeneobunge yote, na robo iliyobaki ikafuata kiwango cha umaskini. Hayo mapato hutoka wapi? Mama wa stejini akinunua sabuni, ametozwa kodi. Akiweka kredo, ametozwa tena. Kwa hivyo yule mama alichangia karo yangu huku mtoto wake akibaki nyumbani, halafu siku ya kupokea hundi sisi tukapiga makofi chini ya bango lenye sura ya mheshimiwa. Asante ilienda kwa mheshimiwa. Kwa yule mama hakuna aliyeipeleka, hata mimi.

Nilimwambia mathe hivyo. Akanijibu kushukuru hakukatazwi, na kwamba mwakani kuna fomu nyingine. Hapo nikanyamaza, maana hakuwa mjinga. Ile asante yake ilikuwa malipo ya mbele.

Kuna kisingizio nimekitegemea miaka yote: ningekataa, nafasi ile isingemfikia jirani, ingechukuliwa na mpwa wa mtu mwingine. Pengine ni kweli. Lakini angalia kinavyofanya kazi. Kila mmoja kwenye ile orodha anaweza kukisema, na tukikisema sote, hakuna aliyekosa na jirani bado hana karo. Kisingizio kinachomtosha kila mtu kinanitia shaka.

Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF inakiuka katiba, ikaweka 30 Juni 2026 kuwa mwisho wake. Mtaani watu walishtuka, wengine wakasema heri kaunti zishike hizo pesa. Mimi sijali sana ni mkono upi unaandika hundi. Ningependa ukuta wa ofisi ubandike na sababu: huyu amepata kwa hili, huyu amekosa kwa lile. Jina peke yake halinielezi kitu. Na kusema kweli, wakati ule ningeombea sababu yangu isisomwe na mtu.

Jirani siku hizi yuko mjengo. Juzi alikuja na fomu ya dadake mdogo, akasema wewe si ni mwandishi, nisaidie hapa chini. Nikajaza ile mistari mitatu polepole, nikimuuliza hili na lile, mambo ambayo tumeishi ukuta mmoja bila mimi kuyajua. Alipokuwa anaikunja akauliza kama mjomba bado anajuana na yule mtu wa kamati.

Nikatoa simu nikamtafutia namba.