Sifuri ya Mizani

Mtu akiharibu mizani ili amdhulumu mwenziwe huitwa mwizi, na jina hilo halina mjadala. Katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkulima alazimishwaye kujaza lumbesa aijua dhuluma hiyo bila ya kufundishwa, na sheria imeikataza. Lakini mtu akiiacha mizani iseme uongo kwa kumpendeza, na wa kudanganyika akawa yeye peke yake, aitwe nani?

Swali laweza kudhaniwa la mzaha mpaka litazamwe katika kipima-nguvu, chombo cha mazoezi ya waendesha baiskeli, ambacho Mjerumani Ulrich Schoberer alianza kukiunda mwaka 1986. Ndani yake mna vihisio vyembamba vinavyonyumbuka pamoja na chuma kinachosukumwa na mguu. Msukumo huo wa kuzungusha, ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko, hutoa wati. Joto nalo hukigusa chuma. Mtu atokaye Dodoma alfajiri ya Julai, baridi ya uwanda wa juu ikimuuma vidole, akawa njiani hata jua la saa sita, aweza kuwa na chombo ambacho sifuri yake imehama. Vingine vya siku hizi hujirekebisha, si vyote wala si kikamilifu. Kosa la nyutoni-mita 1, miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, lampa wati 9 na zaidi asizozitolea jasho.

Kinga ni nyepesi: baiskeli izoee hewa ya nje, mguu uondolewe juu ya pedeli, sifuri isawazishwe. Asiyeridhika hutundika uzito unaojulikana. Kilo 20 katika mkono wa pedeli wa milimita 170, uliolala sawasawa, hazina budi kusomwa karibu nyutoni-mita 33.4.

Wako wanaolitetea kosa. Husema kwamba afanyaye mazoezi hujilinganisha na nafsi yake ya jana, basi mizani izidishayo kwa kadiri ile ile kila siku haimdhuru. Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Ila yadai uthabiti, na sifuri ihamayo na jua haina uthabiti.

Ubaya wenyewe uko kwingine. Siku chombo kinaposoma wati chache, mwenyewe hushuka, akakaza skrubu, akabadili betri, akasawazisha. Siku kinapomsifu hukiamini. Kila tendo lake ni halali, na jumla ya matendo hayo ni uongo, kwa kuwa makosa ya kumshusha yameondolewa na ya kumpandisha yamebakizwa. Mwizi wa sokoni hujua alitendalo. Huyu aweza kuapa kwamba hukagua kipimo chake, na kiapo kikawa cha kweli. Mwanachuoni arudiaye hesabu pale tu zinapoikana dhana yake yumo katika kundi hili.

Wala hasara haikosi kumfikia. Aliyejipima siku ya sifuri iliyohama hujiwekea kiwango ambacho mwili wake haujakifikia. Majuma yafuatayo, chombo kikiwa kimetengemaa, hujisukuma kupita kiasi, akachoka, akajilaumu kwa uvivu asiokuwa nao.