Ngozi Isiyoandikwa

Kiswahili hakina neno moja la kuitaja ngozi ya kuandikia. Kina karatasi, neno lililotoka kwa Wayunani likapitia kinywani mwa Waarabu. Kina waraka, ambao kwa asili ni jani. Kina hati, ambayo kwa asili ni mstari wa kalamu. Raqqi, ambayo kwa Kiarabu ni ngozi iliyofanywa nyembamba hata ikapokea wino, haikushuka jahazini. Wazungu nao waliipa ngozi hiyo jina la mji wa Pergamo, katika Asia Ndogo, ijapokuwa watu waliandika juu ya ngozi kabla mji huo haujapata sifa. Malenga wa Pwani hawakuihitaji. Karatasi iliwafikia kwa njia ya bahari, na ndimo zilimosalia tenzi za Pate na Lamu.

Bara, katika uwanda wa Dodoma, ngozi ilikuwa tele. Mgogo ni mfugaji. Kwa ng'ombe huoa, kwa ng'ombe husuluhisha ugomvi, na ngozi ya ng'ombe au mbuzi ilikuwa vazi, tandiko na uso wa ngoma. Na hapo kwenye ngoma pana jambo la kutazamwa. Ngozi ya kuandikia si ngozi ya kiatu, iliyolainishwa kwa magome ya miti. Hurowekwa katika maji ya chokaa, ikakwanguliwa nywele na nyama, kisha ikawambwa katika fremu na kukauka ilhali imevutwa. Ngozi ya ngoma nayo huwambwa mbichi, ikakauka ilhali imevutwa. Basi mtawa wa Ulaya aliyenakili vitabu, na fundi wa muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana mapajani, walikuwa jirani katika kazi. Mmoja aliwamba apate kuandika, mwenzake aliwamba apate sauti.

Je, huyu wa pili alipungukiwa na kumbukumbu? Wengi hujibu ndiyo, tena kwa haraka, kwa kuwa wamezoea kudhani kuwa ahadi isiyoandikwa ni nusu ahadi.

Itazamwe desturi ya kuwekesha ng'ombe. Mwenye kundi huwapeleka baadhi ya ng'ombe wake kwa mtu wa mbali, ili ukame au maradhi yasimfilisi kwa msimu mmoja. Mwekeshwa hunywa maziwa. Ndama wanabaki kuwa mali ya mwenyewe. Hapaandikwi kitu. Na miongoni mwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, mnyama akifa, mchungaji huipeleka ngozi kwa mwenyewe, na mwenyewe akaitambua kwa rangi na alama. Ngozi ile haina herufi hata moja, nayo ni ushahidi kamili. Mauti ya mnyama ndiyo yaliyoandikwa, ikiwa lazima neno hilo litumike.

Maandishi, kwa upande wake, hayana uthabiti ule yanaosifiwa. Ngozi ilikuwa ghali. Kitabu kimoja kikubwa kilimaliza kundi zima. Kwa hiyo iliyokwisha kuandikwa ilikwanguliwa na kuandikwa upya. Mwaka 1229 kazi za Archimedes zilifutwa hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, juu yake zikaandikwa sala, na wataalamu wa karne hii ndio waliozisoma tena kwa mitambo ya mwanga. Nani aliyewauliza waliofutwa? Pwani husemwa kwamba mwamba ngoma huvutia kwake, na mwandika hati, naye ni mwambaji, aghalabu hufanya vivyo hivyo.

Haina maana kwamba kinywa kinatosha. Mashahidi hufa, na warithi wao husahau lile linalowagharimu. Mzee akizikwa, mpaka wa shamba aliokuwa akiujua peke yake huzikwa naye.

Ndiyo maana swali hili si la vitabuni tu. Mwaka 1973 Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo ilisimamia ardhi ya mji hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Kiwanja kikapata namba, na asiye na karatasi akawa ndiye wa kuthibitisha. Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 ilitamka jambo la heshima: haki ya kimila ina hadhi sawa na haki iliyotolewa na serikali. Kisha sheria ile ile ikaweka hati ya hakimiliki ya kimila, itolewayo na halmashauri ya kijiji. Mkulima wa uwandani anaambiwa kuwa shamba ni lake tangu enzi za babu yake, halafu anaelekezwa ofisini akachukue karatasi ya kusema hivyo.