Deni la Ndani

Lipo deni lisilo na hati, lisilo na riba wala tarehe ya kulipwa. Anayelidai hana shahidi, na anayedaiwa hawezi kulikana. Deni hilo ni la wema. Swali lililonisumbua kwa miaka mingi ni hili: je, wema ukishadaiwa, bado ni wema?

Mimi nimesomeshwa na mjomba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na mjomba, aliyekuwa na duka dogo la nguo pale Tanga, akanilipia ada mpaka nikamaliza chuo. Miaka mingi baadaye, nikiwa na cheo kidogo kazini, alinijia jioni moja akataka nimpitishe mwanawe katika nafasi ambayo kijana hakuwa na sifa zake. Nilipositasita alisema maneno machache tu: "Umesahau ulikotoka, mwanangu?"

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka muuguzi mmoja wa Kifilipino niliyefahamiana naye nilipokuwa nikifanya kazi ya stoo hospitalini Muscat. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akituma fedha kwa shangazi yake aliyemlea, ambaye aliuza nyati wake wa kulimia ili yeye asome uuguzi. Nikamwuliza siku moja, "Dada, utamaliza lini kulipa?" Akacheka. Akasema deni la namna ile haliishi, na kwao lina jina lake: utang na loob.

Katika Kitagalogi, utang ni deni na loob ni ndani, yaani ndani ya mtu, pale sisi tunapopaita moyoni. Basi ni deni la ndani. Mtu huwa nalo kwa wazazi waliomzaa, kwa aliyemwokoa, kwa aliyemfaa siku ya dhiki. Kumwambia Mfilipino kwamba hana utang na loob ni tusi zito, kama kwetu kumwambia mtu kwamba fadhila zake ni za punda. Jirani ya neno hilo lipo jingine, hiya, lenye maana ya aibu na staha. Sikio la Mswahili halikosi kusikia humo neno letu haya. Na mtoto wa Kifilipino akimwamkia mzee huushika mkono wake akauinamia mpaka ukagusa paji la uso. Aliyezoea kusema shikamoo hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Lakini kila chenye thamani kina wezi wake. Deni la ndani likiangukia mikononi mwa mjanja hugeuka kamba. Wapo wanasiasa wa Ufilipino ambao hugharimia mazishi na matibabu ya maskini, kisha siku ya uchaguzi huja kuvuna. Kura hainunuliwi kwa bei ya sokoni; hudaiwa kama shukrani. Na maskini huyo, kwa kuwa ana haya, hulipa.

Hata mataifa hudaiana hivyo. Mwaka 1898 Marekani ilivichukua visiwa vya Ufilipino kutoka kwa Hispania kwa dola milioni 20, na mwaka uliofuata vita vikazuka kati yake na Wafilipino waliokwisha kujitangazia uhuru. Baada ya hapo zikaja shule na walimu. Mwaka 1945 majeshi ya Marekani yakawaondoa Wajapani, katika mapigano yaliyouacha mji wa Manila magofu. Je, Mfilipino anadaiwa shukrani? Kwa mwalimu aliyemfundisha kusoma, labda. Lakini aliyeivunja nyumba yako kisha akakujengea chumba kimoja, atakudai nini? Mwaka 1991, Seneti ya Ufilipino ilipoukataa mkataba mpya wa vituo vya kijeshi vya Marekani kwa kura 12 dhidi ya 11, sidhani kama ilikuwa imesahau fadhila. Nadhani ilikuwa imejifunza kutofautisha shukrani na utii.

Tena tuutazame upande wa pili wa daftari. Katika vita vile, Wafilipino wengi walipigana chini ya bendera ya Marekani. Mwaka 1946 sheria ya Bunge la Marekani ikawanyima wengi wao haki walizopewa askari wengine. Ilipofika mwaka 2009 ndipo wazee waliosalia walipokubaliwa malipo ya mara moja: dola 15,000 kwa aliyekuwa raia wa Marekani, na 9,000 kwa asiyekuwa raia. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mwepesi wa kudai mara nyingi ni mzito wa kukumbuka.

Wahenga wetu walisema, tenda wema uende zako. Zamani niliona kwamba methali hii inapingana na mafunzo ya yule muuguzi. Moja inasema usingoje malipo, jingine linasema usiache kulipa. Sasa naona hazipingani, kwa sababu haziambiwi mtu mmoja. Methali humwambia mtoaji, na deni la ndani humwambia mpokeaji. Kosa huanza pale mtoaji anapochukua somo la mpokeaji, akashika daftari. Wakati huohuo wema hugeuka mkopo, na mkopo una kiasi chake, ukilipwa umekwisha. Wema usiodaiwa ndio pekee usioisha.

Nikakumbuka neno la mwisho la yule dada. Alisema, "Shangazi hajaniomba hata siku moja. Angeniomba, ningehesabu."

Asubuhi nilikwenda kwa mjomba. Nilimwambia kwamba kazi ile si mali yangu hata niitoe kulipia deni langu. Ni haki ya kijana mwingine ambaye huenda naye alisomeshwa kwa taabu. Nikaahidi kumlipia mwanawe masomo ya ufundi kutoka mfukoni mwangu, nami nikafanya hivyo. Mjomba alinyamaza miezi minane. Hakunisamehe haraka, nami sikumlaumu.

Alipougua, mimi ndiye niliyekaa naye usiku. Hakuniita, nilikwenda mwenyewe. Hatukulizungumza jambo lile. Nilimnywesha uji, nikamfuta mdomo, na wala sikuwa nahesabu.