Amri ya Tisa na Daftari la Ngoma



Huku Umwe, karibu na mto Rufiji, ufuta ukiisha kuvunwa na korosho zikiisha kuuzwa mnadani, ndipo zianzapo ngoma za kumtoa mwali. Sikuja kulaumu furaha. Mtoto aliyekua ni neema, na majirani kula pamoja ni vizuri. Lakini pembeni mwa ngoma huketi mtu mwenye daftari, naye huandika: fulani ametunza shilingi elfu kumi, fulani ameleta doti ya kanga. Siku fulani naye atakapomtoa mwali wake, aliyepokea hana budi kurudisha, tena yampasa azidishe, asije akasemwa. Hivyo zawadi imekuwa deni, nalo deni limevikwa nguo za arusi.

Mashindano si mageni pwani. Babu zetu walishindana kwa ngoma ya Beni, Marini na Arinoti, kila upande ukitaka kuupita wa pili. Kilichozidi siku hizi ni mkopo wa haraka, ambao watu wenyewe wameuita kausha damu. Maana hulipwa kila siku au kila juma, na mkulima akopaye hapati fedha kila juma, bali mavunoni tu. Basi huuza sufuria ili alipie kanga. Serikali ilitunga sheria ya huduma ndogo za fedha mwaka 2018, wakopeshaji wawe na leseni. Ila aibu haiombi leseni.

Katika Katekisimo Ndogo, amri ya tisa yatukataza kuitamani nyumba ya jirani. Twawafundisha watoto kana kwamba ni amri ya wezi. Lakini Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alieleza ya kuwa amri hizi za mwisho hazikutolewa kwa ajili ya wahalifu, bali kwa ajili ya watu waonekanao wema. Niliposoma hayo nilijiona mwenyewe, maana nami nilikuwa na daftari.

Katika usharika mmoja nilioutumikia kabla ya kuja huku, tulichanga fedha za mabati ya kanisa. Kila mwezi nilisoma majina madhabahuni, tangu aliyetoa nyingi hata aliyetoa kidogo, nikidhani nawatia watu moyo. Jina la mjane mmoja lilikuwa la mwisho mara mbili. Mara ya tatu lilikuwa la nne tangu juu. Watu wakapiga makofi, nami nikampa mkono.

Baada ya miezi miwili nilimwendea nyumbani. Sikuiona baiskeli ya marehemu mumewe, wala cherehani yake. Akasema, “Mchungaji, wamechukua wenye fedha. Nilikopa ili nisisomwe wa mwisho.” Hakunilaumu. Alinitengea kiti, nacho kilikuwa kimoja tu, yeye akaketi mkekani.

Nilitaka kumfariji kwa habari za yule mjane wa hekaluni na senti zake mbili, ulimi ukakataa. Maana Bwana alipomwona yule, aliwaita wanafunzi wake akawaambia wao, wala hakusoma orodha ya watoaji.

Tangu Jumapili iliyofuata sikuyasoma majina tena. Wazee wawili walinung'unika, mmoja akaniuliza, watu watajuaje nani ajitoaye? Sikuwa na jibu la kumpendeza. Cherehani tuliikomboa, kwa fedha yangu na ya mzee yule yule aliyeuliza. Baiskeli ilikuwa imekwisha kuuzwa.