Macho ya Bibi Yetu

Masomo: Walawi 19:32, 1 Wafalme 21:1-19, Luka 2:36-38



Tumemzika bibi wa ukoo mkubwa hapa Didia, mwenye umri uliozidi miaka tisini. Jina lake hatuliandiki, kwa kuwa tunayoyasema juu yake yawahusu bibi wengine walio hai bado katika nyumba zetu. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya maisha yake marefu. Tena twawaomba ninyi msomao mfikiri pamoja nasi, maana katika nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita si watu wote waliohesabu maisha marefu ya mwanamke kuwa ni baraka.

Alizaliwa katika boma la wafugaji. Siku yake haikuandikwa na mtu. Wazazi walikumbuka tu kwamba ilikuwa miaka ya nzige, wale waliovamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Boma lilizungushiwa minyaa, ng'ombe wakalala katikati, na nyumba zikawa pembeni. Huko alijifunza kazi kabla ya kujifunza kuhesabu: kuwarudisha ndama jioni, kuteka maji, kusukasuka maziwa kibuyuni mpaka siagi ijitenge. Kila ng'ombe alimjua kwa rangi yake na kwa mama yake. Basi tusomapo habari za Rebeka akiwanywesha ngamia kisimani, na za Raheli akija na kondoo wa baba yake, tusidhani kwamba ni mambo ya mbali. Mama wa Israeli walitoka katika maboma kama haya yetu.

Alipoolewa, ng'ombe wa mahari waliingia katika zizi la baba yake, naye akaja kuanza jiko lake. Alilima mtama, na viazi alivyovikausha kuwa michembe kwa ajili ya miezi ya njaa. Alilima pamba pamoja na mumewe katika miaka ile ambayo wakulima wa Usukuma walijenga vyama vyao vya ushirika, vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho moja. Mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alikaa darasani na mtoto mgongoni, akajifunza kuandika jina lake. Sisi tuliokuwa walimu twajua jinsi kalamu inavyokuwa nzito katika mkono uliozoea jembe. Mwaka 1974 watu walipohamishwa kuingia vijijini, aliliacha boma, akajenga tena. Kisha akawa mjane, akawalea watoto wake, na baada yao wajukuu.

Walakini leo twataka kusema zaidi juu ya macho yake, kwa sababu katika uzee wake yalikuwa mekundu, yenye kutoa machozi daima. Ninyi nyote mwajua jinsi bibi mwenye macho ya namna hiyo alivyonenwa katika vijiji vyetu.

Tuulize basi, uwekundu ule ulitoka wapi? Kwanza, ulitoka jikoni. Tangu miaka ya 1920 mapori mengi ya Shinyanga yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, hata nchi ikabaki bila miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, umewahimiza watu kurudisha ngitili za wazee wetu, na miti imeota tena mahali pengi. Lakini miaka mingi kabla ya hapo mama zetu walipika kwa miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Moshi huo waliuvuta wao, ugali tukala sisi.

Pili, kuna ugonjwa wa trakoma, upendao nchi kavu yenye maji haba na nzi wengi. Huambukizwa kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi, kutoka katika macho na pua za wagonjwa, hasa watoto wadogo. Ukimrudia mtu mara nyingi huacha makovu ndani ya kope. Kope hugeukia ndani, na nywele zake hukwaruza jicho mpaka lipofuke. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wakaao karibu na watoto. Ndugu, lifikirini jambo hili. Aliugua kwa kutupangusa sisi nyuso.

Mwaka mmoja mtoto wa jirani alifariki kwa homa, na neno likaanza kunong'onwa. Mtu alikwenda kupiga ramli, akarudi na jibu ambalo halikutaja jina ila lilitaja macho. Wanawe wakalala mlangoni pake siku nyingi, wameshika marungu. Naye asubuhi ile ya kwanza alichukua ungo wa unga, akaenda msibani, akaketi chini karibu na mama wa mtoto, akalia pamoja naye. Yule mama akamshika mkono mbele ya watu wote, akasema bibi huyu ndiye aliyempokea mtoto siku ya kuzaliwa. Wanong'onaji wakanyamaza. Hivyo akaishi. Wako waliokosa jirani wa kuwashika mkono, wakakatwa kwa panga usiku katika nyumba zao wenyewe.

Twasoma habari za Nabothi katika Wafalme wa Kwanza. Shamba lake la mizabibu lilitamaniwa, wakatafutwa watu wawili wasiofaa, wakashuhudia kwamba amemtukana Mungu na mfalme, akapigwa mawe, kisha Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Angalieni mpango huo: tamaa ilitangulia, shtaka la dini likafuata, na mwisho ni shamba. Je, si mara nyingi hapa kwetu bibi hutajwa uchawi wakati ule ule shamba la marehemu mumewe linapotakiwa kugawanywa, au ng'ombe wake wanapohesabiwa? Mungu alimtuma Eliya akutane na Ahabu shambani humo humo, amwulize habari ya damu. Swali hilo halijafutwa.

Wako watakaotutajia Kutoka 22:18, wakidhani wamepewa panga. Na wasome na sura ifuatayo mwanzoni mwake, ikatazayo kueneza habari za uongo na kuufuata mkutano katika kutenda uovu. Torati ilitaka mashahidi na waamuzi. Haikumpa mpiga ramli kiti cha hakimu. Na Bwana wetu, alipoletewa mwanamke wa kupigwa mawe, aliwageukia washitaki wakazitazame dhambi zao. Sheria ya nchi nayo humhesabu amkodie muuaji kuwa ni mwuaji, na mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Luka atuonyesha njia nyingine. Katika hekalu alikuwapo Ana, mjane mzee sana, asiyetoka katika sala. Wengi walimwona Mtoto siku ile wakapita. Macho ya mwanamke yule mzee ndiyo yaliyomtambua. Kama watu wa Yerusalemu wangaliwaogopa wajane wazee na kuwafukuza, ni nani angaliwapa habari za Mtoto wale waliokuwa wakiungojea ukombozi?

Basi yatupasa kufanya nini? Walawi yatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi, na kuiunganisha heshima hiyo na kumcha Mungu. Tusimame, kweli kweli. Vijana, jengeni jiko lenye dirisha, na mwekeeni bibi jiko lisilotoa moshi mwingi. Mpelekeni hospitali macho yake yatazamwe. Kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Gawanyeni mirathi mapema, mbele ya mashahidi, mjane apate haki yake. Mtoto akiugua, nendeni zahanati, msiende ramlini. Mkisikia mnong'ono, msingoje hata usiku: mwambieni mwenyekiti wa kitongoji, mwambieni mchungaji, nanyi mkaketi mlangoni kwa bibi huyo. Tena andikeni habari zake angali hai, mahali alipozaliwa na watoto aliowapokea, kwa maana mtu ambaye habari zake zajulikana ni vigumu kumfanya kuwa mchawi.

Bibi yetu alikufa kitandani pake, wajukuu wakiimba. Katika sehemu hizi jambo hilo si dogo. Ni neema ya Mungu, na ni kazi ya mama mmoja aliyefiwa ambaye hakukubali kudanganywa.

Tuombe. Ee Mungu wa Sara na wa Ana, twakushukuru kwa mama zetu waliotulea katika moshi na vumbi. Uilinde milango yao usiku. Uondoe katika mioyo yetu woga na tamaa, utupe ujasiri wa kuwashika mkono mbele ya watu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyemkabidhi mama yake kwa rafiki alipokuwa msalabani. Amina.