Kadiri ya Chuma
Uwele unaooneshwa kila Agosti katika viwanja vya Nanenane vya Nzuguni husifiwa kwa madini yake ya chuma, na sifa hiyo ni ya haki: chuma kikipungua, mjamzito huishiwa nguvu na ubongo wa mtoto haukui ipasavyo. Lakini mwaka 2012 Scott Dixon na Brent Stockwell wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikipa jina la feroptosisi kifo cha seli kinachotegemea madini hayohayo. Chuma kisichofungwa huchochea mafuta ya utando wa seli yaungue kwa oksijeni, hadi utando upasuke. Kimeng'enya GPX4, chenye seleniamu ndani yake, huyaokoa mafuta hayo; kikizidiwa, seli hufa. Figo iliyokatikiwa damu kisha ikarudishiwa huumia kwa njia hii.

Ubaya, basi, umetoka wapi? Wengi tumelelewa kumtafuta adui aliyejipenyeza ndani ya kilicho chema. Katika chuma hajajipenyeza yeyote. Wepesi wake wa kupokea na kutoa elektroni huiwezesha seli kupata nguvu kutoka kwenye chakula, na wepesi huohuo huua. Nashikilia kwamba wema wa kiumbe umo katika kadiri yake na katika kinachokilinda. Sura ya Al-Hadid nayo hukitaja chuma kwa ukali na manufaa yake kwa pamoja.

Atasema mtu kwamba hoja hii haimfariji aliyefiwa. Ni kweli, wala haikusudii hilo, bali inatudai wajibu. Huko Pemba, kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki katika utafiti mkubwa kulisitishwa mwaka 2003, kwa kuwa hatari yao ya kufa au kulazwa kwa maradhi makali ilizidi kwa asilimia 12. Kisa hicho ni cha malaria zaidi kuliko feroptosisi, ila fundisho lake ni lilelile: waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika, wengine waliumia. Huruma isiyopima damu kwanza haijakamilika kuwa huruma. Mwingine atauliza kwa nini Muumba asiumbe mwili usiojua kifo hiki kabisa. Lakini askari wa kinga yetu huisukuma seli ya saratani kwenye kifo hikihiki, na watafiti wanatafuta dawa za kukichochea katika uvimbe na za kukizuia katika figo. Aombaye kiondolewe chote anaomba silaha hiyo nayo iondoke.