Wasiomo Katika Orodha

Siku hizi mtu aliyeko Newala, akiwa na simu na bando, anaweza kumtafuta babu yake katika kumbukumbu za wafu wa vita zinazotunzwa Uingereza. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeziweka mtandaoni, na hazilipiwi. Unaandika jina, unachagua vita, kisha unasoma namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kufa, na kaburi au ukuta uliochongwa jina hilo. Askari wa King's African Rifles aliyefia Burma mwaka 1944 huweza kupatikana hivyo. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, wakitoka Mombasa kwenda Ceylon, walimezwa na bahari, ila wanakumbukwa kwenye ukumbusho wa vita ulioko Nairobi.

Arudi nyuma kizazi kimoja, amtafute aliyekufa mwaka 1917. Mara nyingi hapati kitu.

Na mwaka huo ndio Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita mlangoni petu, huku kusini mwa Tanzania. Oktoba yalikuwa mapigano ya Mahiwa, kwenye njia ya Lindi. Novemba Wajerumani walifukuzwa Chiwata, wakawaacha wagonjwa na majeruhi wao Nambindinga, na tarehe 25 jemadari wao, Lettow-Vorbeck, akavuka mto Ruvuma akiwa na Wazungu wapatao 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000. Hao 3,000 walikuwa watoto wa nani? Vitabu vinavyomfuata jemadari huyo hatua kwa hatua havitujibu. Kwa upande wa Waingereza pekee, wachukuzi waliokufa katika vita vile wanakadiriwa kufika 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, kiliiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo, na leo tunauza na kununua pale bila kuwafikiria.

Tume yenyewe iliundwa mwaka huohuo wa 1917, kwa ahadi kwamba kila mfu ataenziwa sawa na mwenzake. Ahadi hiyo haikufika huku. Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, alitaka makaburi ya wachukuzi yaachwe yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 Tume ilichapisha ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika, na ikaomba radhi.

Ndiyo maana naona hatari katika ule ukurasa usio na jibu. Kijana akiona hakuna jina, anaweza kudhani bibi yake alikuwa anamsimulia hadithi tu. Asidhani hivyo. Watu waliketi ofisini wakaamua nani aandikwe na nani asiandikwe. Ukimya wa orodha ni ushahidi juu yao, wala haupunguzi chochote katika uhai wa yule aliyebebeshwa mzigo hadi akaanguka.

Hata aliyeandikwa, je, ameandikwa yeye? Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mvulana alitoka jandoni na jina jipya, la utoto likaachwa. Wamisheni wa Masasi wakambatiza wakampa jingine. Karani wa jeshi akaandika alivyosikia, akaongeza jina la baba, ilhali kwao mtu alihesabiwa kwa ukoo wa mama na aliyemsimamia alikuwa mjomba. Jeshi lilihitaji jina moja lisilobadilika, la kulipia mshahara na kufungia faili. Nyumbani jina lilikuwa la kurithiwa: mtu akifa, mtoto wa ukoo hupewa jina lake. Kwa hiyo huenda yuko mtu Kitangari leo anayeitwa kwa jina la mchukuzi wa mwaka 1917, na hajui somo wake alikufa vipi. Jambo hilo hakuna kompyuta ya Uingereza inayoweza kulijua. Linajulikana ukoo kwa ukoo, na wanaolijua wanapungua.

Wapo wanaosema vile vilikuwa vita vya Wazungu, tuviache. Vita vilikuwa vyao kweli, lakini waliokufa ni wetu, pande zote mbili, na aliyebeba mzigo wa Mjerumani hatafutiki katika kumbukumbu za Mwingereza.

Ukienda likizo Newala, Tandahimba au Masasi, kaa na wazee uwaulize. Andika jina la utoto, la jando na la ubatizo kama lipo, ukoo wa mama, kijiji, na upande alioelekea mara ya mwisho alipoonekana. Tume hupokea ushahidi wa waliosahaulika, basi uipelekee. Nakala nyingine iache nyumbani, kwa mwenye kulibeba jina hilo sasa.